Hadithi Tano na Sala ya Mama

Jumatatu, 20 Septemba 1999

Nimeitazama tena. Mara ya tatu. Filamu ya kutisha, hadithi tano kwenye kaseti moja, zote eti zimeokotwa: watu walijipiga video wenyewe, wakafa, mtu akaikuta kanda. Kirimi, anayekodisha video hapa Embu, ananicheka.

"Wewe na digrii yako, unapenda picha inatingishika hivi? Mwenye kamera alikuwa amelewa!"

Hakuna muziki wa kukuambia sasa lia. Kwenye hadithi ya nne kamera inaanguka, inaendelea kupiga nyasi. Dakika mbili — nyasi tu, na mtu anahema. Kisha hahemi. Hapo mimi hupumzika.

Mama alizikwa Januari. Dada yangu Wamuyu alilia mpaka akalazwa. Mimi nilihesabu viti.

Jumatano, 22 Septemba

Kirimi anaitaka kaseti yake. Nikamwomba aninakilie. Leta kaseti tupu, akasema. Nikachukua moja kwenye kabati la Baba, haina maandishi.

Akaigeuza. Kile kiplastiki cha mgongoni kilikuwa kimevunjwa. "Mtu aliifunga hii isirekodiwe. Ni ya nani, dadangu?"

"Ni yetu."

Akakata selotepu, akaziba tundu. Najua kiplastiki hakivunjwi bure. Nilisimama pale nikingoja kuona kama nitasema kitu. Nikamlipa.

Jumamosi, 25 Septemba

Nimetazama nakala yangu asubuhi, Baba akiwa shambani. Hadithi ya tano ikaisha. Chengachenga. Nikaiacha iende, uvivu tu.

Halafu — vitenge! Uani kwetu! Mjomba Mwaniki katikati ya maneno: "...na huyu mbuzi wa sita, wakwe, mlimnyima majani?" Watu wanacheka. Ni siku ile wakwe walipoleta mahari ya Wamuyu, mwaka juzi.

Kwa sekunde kadhaa nilidhani ni hadithi ya sita. Nilikuwa nawaangalia nione nani atakufa.

Mama akapita nyuma yao na sufuria. Mgongo tu. Nimetazama hadi mwisho wa kanda. Hasemi neno.

Jumatatu, 27 Septemba

Baba, tukila: Jumapili watu wa Gachoka, kwao Mama, wanakuja, tumwombee Mama, kisha tuangalie video ya mahari. "Wasikie sauti yake. Si unakumbuka alifungua na sala?"

Nikasema nakumbuka. Githeri ilikuwa na chumvi ya kutosha. Nikaongeza.

Alhamisi, 30 Septemba

Nimeenda kwa Mutembei, aliyepiga video ile. Nikamuuliza kama alibaki na nakala. Hapana, kanda ilikuwa moja, alitupatia sisi. "Ndiyo maana nilivunja ile kitu, madam. Watu husahau." Akaniuliza kama iko salama.

Nikasema iko.

Jumapili, 3 Oktoba

Saa nane mchana. Niko jikoni. Wageni kumi na mmoja sebuleni. Tata Veronicah, mdogo wake Mama, amekaa mbele kabisa, leso tayari mkononi.

Asubuhi niliipeleka kaseti mbele, nikaipita filamu, mpaka kwa mbuzi. Nilidhani itatosha. Baba akabonyeza, akaona, akasema hapana, turudishe mwanzo, kwenye sala. Stima ikapotea hapo hapo.

Mjomba Mwaniki: "Mnaona? Mwenye nyumba hataki tumwone kabla ya chai!" Kicheko. Hata Baba.

Sasa Tata anawaigizia Mama akiomba. "Mwathaani..." Anaivuta hiyo Ee Bwana mpaka watoto wanachoka. Anakosea. Sauti ya Mama ilikuwa nzito kuliko hiyo. Au haikuwa. Ninajaribu kuisikia kichwani — ninapata ya Tata tu.

Ningeweza kusema mashine imekula kanda. Mashine hula kanda kila siku. Wangeamini.

Stima imerudi! Wanapiga makofi. Nasikia kaseti ikirudi nyuma, kasi.

Nimemwita. "Baba, kuja kidogo. Wewe peke yako."

Amesimama mlangoni na rimoti. Anauliza naandika nini wageni wakingoja. Nimemwambia aniache nimalize mstari huu. Amesema sawa, mama, maliza. Amevuta kiti.