Muthokoi Haikuiva kwa Jiko la Binti Yangu

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana siku hizi napita soko ya Mukuyuni nikiangalia chini kama mwizi wa kuku. Mimi niliishia darasa la sita lakini msichana wangu Kasyoki ana digrii, anafanyia kazi kampuni ya majiko ya kuokoa miti, yeye ndiye hutunga yale maneno ya kufanya watu wanunue, na si kujisifu, huyo akiandika hata mbuzi atataka jiko. Basi alikuja kunipiga picha nikipika, akauliza, "Mama, hili linaivisha muthokoi kweli?" na mimi kwa kutaka kazi yake ing'ae nikasema, "Muthokoi? Linaivisha hata mawe!" kumbe hayo mahindi ya kukoboa na maharagwe nilikuwa nimeyaivisha kwa kuni, kwa mafiga nyuma ya nyumba, nikahamisha sufuria tu. Akaandika: "Mama yangu ameacha kuni, na muthokoi yake imeiva." Wamama wa mwethya, wale tunalimiana kwa zamu, wakasoma kwa simu wakanunua, nami nazunguka nikisema, "Huyo ni wangu!" Sasa Wayua, mmoja wao, amepokea wakwe walioleta mbuzi za ntheo, zile za kumposa binti yake, akawapikia kwa hilo jiko, mahindi yakabaki ngumu kama kokoto, mzee mmoja akatema kwa mkono akauliza, "Huyu bibi arusi amefunzwa kupika ama kujenga?" Wayua hanisalimii tena. Na jana Kasyoki amenipigia akicheka kwa furaha, eti picha yangu na maneno yale yatabandikwa kwa mabango Ukambani kote. Nikimwambia ukweli atajua mama yake ni mwongo, na kazi yake je?

Kwako Mama Kasyoki,

Pole, lakini pia ona haya! Kujivunia mtoto si kosa. Kosa ni kumpa uongo aupambe bila kujua, na sasa jina litakaloharibika ni lake. Unaogopa akuone mwongo? Afadhali akuone wewe leo kuliko wateja wamwite yeye mwongo kesho.

Hilo jiko linapika nini vizuri? Chai? Ugali? Mwambie aandike hayo. Kama ni hodari unavyosema, atauza hata ukweli.

Kwa Wayua usitume mtu. Siku ya mwethya, simama mbele ya wamama wote useme ulipikia wapi. Watakucheka, vumilia. Halafu uende naye kwa wakwe, uwaambie kosa halikuwa la binti yake.

Lakini kwanza simu, kabla bango halijapanda. Usianze na habari za mvua. Sema kabla Kasyoki hajaanza kukusifu, kwa sababu nakujua sasa: akikusifu, utanyamaza.