Bursi Iliyopotea kwa Jina

Kinama, Ijumaa, 14 Novemba 1969

Kumbe ni jina tu lililoandikwa vibaya. Miezi miwili karani wa chuo ananiambia bursi yangu, pesa ya kunisomesha, haijafika. Leo ameiona kwenye orodha, imeandikwa Kanyange badala ya Kanyana, na chuoni hakuna Kanyange. Amecheka. Mimi nimelia kidogo mbele yake, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kumwambia ninaacha masomo.

Nimelipa karo, nikapita sokoni kununua mchele, mafuta na nyama. Nyumbani nimempa Goreti, ninayekaa naye chumba kimoja, pesa ya chakula alichonilisha muda wote huo. Amenirudishia mkononi.

"Apana. Mi sikukukopesha kitu. Mi nilipika, we ukakula."

"Lakini kazi yako ya kufua inalipa kidogo sana, Goreti."

"Angalia nyama, itaungua."

Tumekula mpaka tukashindwa kuinuka.

Sasa ninapanga pesa ya mwezi ujao: chumba, chakula, madaftari, basi. Bado nina woga. Wakikosea jina tena, sijui...

Lakini nimefuta basi. Mahali pake nimeandika masomo ya kushona, ambayo Goreti anayatamani tangu mwaka jana. Nitaendelea kwenda chuoni kwa miguu. Na safari hii hataweza kunirudishia kitu, maana pesa nitampelekea mwalimu wa kushona mwenyewe, kesho asubuhi, kabla Goreti hajaamka.