Shaba Ambayo Sikuipima

Eva, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa chuoni. Nimeaibika mpaka masikio yanawaka.

Si unaijua protini yangu? Ile ya bakteria wa udongo wa shamba letu la kahawa Uru, inayobeba shaba ndani ya seli na kuikabidhi kwa protini nyingine. Leo nilikuwa naonyesha umbo lake mbele ya jopo la watahini wa shahada yangu. Nikanyoosha kidole kwenye kishimo chake, penye chembe moja ya metali. "Hii hapa, shaba!" Kwa madaha yote, mwenzangu.

Profesa Thadeus akauliza taratibu, "Protini uliisafisha kwa kutumia nini?"

Nikasema kwa nikeli, metali inayoinasa protini ili uchafu uoshwe.

"Basi umejuaje kwamba hii siyo nikeli iliyobaki humo? Ulipima?"

Eva, SIKUPIMA. Nilitaka iwe shaba, nikaiita shaba.

Na unajua nilijibu nini? "Ina rangi ya shaba, Profesa." Mae! Rangi niliipaka mwenyewe kwenye kompyuta! Ukumbi mzima ukacheka. Dokta Margareta, msimamizi wangu, akainamisha kichwa.

Nimeambiwa nirudi maabara nikaipime kwanza.

Sasa nyumbani. Mama alishapika mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kunipongeza, jumuiya nzima imealikwa leo jioni. Amepiga sasa hivi: "Mwanangu, mbege imeiva, haiwezi kulala. Usisahau ile picha ya shaba yako, baba yako ameshapigilia msumari sebuleni."

Nimemwambia naileta.