Yowe la Jumamosi

Jumamosi, 6 Julai 2024

Mkutano wa tatu wa klabu yetu ya Kiingereza, na wa kwanza kumwaga damu.

Mada niliiandika mimi ubaoni: ng'ombe na elimu, kipi kinamfaa kijana zaidi. Mada ya kitoto, nilidhani. Masolwa, mchunga ng'ombe wa miaka ishirini na minne, akatetea ng'ombe. Zablon, fundi baiskeli, mtoto wa mwinjilisti wa Moravian, akatetea elimu. Dakika ya tano Zablon akasema, kwa Kiingereza kizuri tu, kwamba mtu anayelala na ng'ombe hana tofauti na ng'ombe kwa harufu. Masolwa hakuelewa. Akamwuliza Apolinaria muuza duka, na Apolinaria akamtafsiria kwa Kisukuma bila kupunguza neno. Mwanamke yule hana breki. Ngumi ikaruka. Jino la mbele la Zablon liko mfukoni mwake, amekataa kulitupa.

Nikawazaba vibao wote wawili. Mimi, mwalimu wa mkataba, kilo hamsini na mbili! Wakainamisha vichwa. Na niseme ukweli, kwa kuwa daftari hili halina msomaji: niliona raha.

Lakini klabu inakwenda. Tulianza sita, sasa tuko kumi na mmoja, kila Jumamosi saa kumi alasiri, nyuma ya ghala la pamba. Kila mmoja na kiu yake. Apolinaria anataka kazi ya mapokezi hotelini. Masolwa aliitwa usaili wa ulinzi kwenye mradi wa barabara, akaambiwa ajieleze kwa Kiingereza, akabaki amesimama mpaka wakamwita mwingine. Anasema bado anaiota siku ile. Namwonea huruma, na ananiudhi. Sauti yake ya Kiingereza haifiki hata puani kwake.

Jumatano, 10 Julai 2024

Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wamemchapa mtu mbele ya ghala asubuhi hii. Fimbo ishirini. Nilizihesabu dirishani, chai mkononi. Kosa lake: wiki iliyopita lilipigwa yowe la wizi wa ng'ombe na yeye hakutoka.

Kamanda wao ni Mzee Jilala, baba mwenye nyumba wangu. Mpole, anafuga njiwa. Jioni nikamwendea kwa adabu, shikamoo baba, na kama yule mtu alikuwa mgonjwa je? Marahaba binti yangu, akasema, mgonjwa naye hutoka akaanguka njiani, tukamwona. Yowe, wao huliita mwano, halina maswali. Ukilisikia unalipokea kwa kinywa chako liende mbele, unashika ulichonacho, unakimbia. Na anayelipiga bure? Akacheka. Huyo fimbo kwanza, halafu anatoa ng'ombe, halafu anatengwa. Huuziwi chumvi. Hujibiwi salamu. Ukifiwa na mtoto unachimba kaburi peke yako.

Nikamwambia kwetu Mtendeni, Tabora mjini, likipigwa yowe watu hufunga madirisha kwanza, halafu wanachungulia. Hakuona kichekesho.

Jumamosi, 13 Julai 2024

Saa kumi na mbili. Jua bado lipo. Nimejifungia.

Niandike kwa mpangilio. Ilikuwa zamu ya Masolwa kuhutubia. Nikampeleka hatua mia moja kutoka tulipo, nikamwambia ajitambulishe na sote tumsikie. Zoezi la kawaida, nililifanya chuoni. Akanong'ona. Nikamwambia aongeze. Akanong'ona tena. Zablon akacheka na pengo lake. Hasira ikanipanda — hasira yangu hii ndiyo itakayonizika — nikamwambia kwa Kiswahili, wote wasikie: "Wewe, ng'ombe wako wakiswagwa sasa hivi mbele ya macho yako utanong'ona hivyo hivyo? Nipe sauti hiyo!"

Akanipa.

Sijawahi kusikia kitu kama kile kikitoka kwenye koo la mtu. Kirefu, cha juu, kinakatika na kuanza tena. Apolinaria akaweka mikono kichwani. Masolwa mwenyewe akajiziba mdomo kwa kiganja, lakini ya nini tena. Boma la kwanza lilikwisha kulipokea. Likaja la pili. Likaja la ng'ambo ya bonde. Tukaanza kukimbia kuwaambia siyo, siyo, na huku wanaume wanatoka kila upande na mapanga, mikuki, mishale, mmoja ana mchi wa kutwangia.

Na barabarani alikuwa anapita mtu anasukuma baiskeli mchangani, kabeba balo la mitumba. Mgeni. Akaona mapanga yanamjia. Angefanya nini? Akatupa baiskeli, akakimbia. Basi. Anayekimbia ndiye mwizi.

Walimpata kwenye shamba la pamba iliyokwisha vunwa. Fimbo zilikuwa zinapanda na kushuka ovyo, halafu zikapata mpangilio, kama watu wanaopura mtama. Alijikinga kwa mikono mpaka mikono ikakataa. Mwenye mchi alikuwa Gerson, kaka yake Masolwa. Alimpiga nao mara moja tu, usoni. Nilisikia mfupa. Mtu mmoja alikuwa anamkanyaga huku anauliza wenzake nini kimeibwa.

Nilipiga kelele waache, ni zoezi. Nilikuwa mbali, hawakunisikia.

Walikuwa wameshaleta petroli. Mzee Jilala akafika, akawazuia. Sasa kijiji kizima kinamsifu kwa huruma yake. Wamempakia yule mtu kwenye trekta, amefungwa kamba kama mzigo wa kuni, kwenda hospitali ya wilaya. Balo la mitumba limegawanywa. Mke wa jirani kapita hapa sasa hivi na sweta jipya.

Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyepotea.

Jumapili, 14 Julai 2024

Mama kanipigia simu kutoka nyumbani. Mabruki wa bi Mwanne kapigwa na watu huko huko kwako, umesikia? Nikasema nimesikia. Wanasema alikuwa anaiba ng'ombe, mama akasema, tangu lini Mabruki anajua hata kumfunga ng'ombe kamba, yule amekulia kwenye cherehani ya mama yake, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata.

Mchana akaja Masolwa. Macho mekundu. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Madamu, akasema, uliniambia wewe. Nikasema mimi sikukwambia upige mwano. Akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, akanigandamiza mlangoni, alama ya vidole vyake ipo mpaka sasa. Uliniambia wewe! Nikamwuma. Nikamwuma kweli, kwenye kifundo cha mkono, mpaka ladha ya chumvi. Akaniachia, tukabaki tunahemeana.

Halafu akapiga magoti, akalia. Akaniomba nisiseme. Wakijua yowe lilikuwa la bure, watamchapa yeye kwanza, watamtenga, na mkewe ana mimba ya miezi saba. Gerson naye atafungwa. Ndugu wawili wa mama mmoja.

Nikamwambia sitasema. Nililisema hilo haraka mno.

Jumatatu, 15 Julai 2024

Nimeomba ruhusa ya meno, nimekwenda Igunga hospitalini.

Mabruki hana uso. Ana uvimbe na nyuzi. Taya limefungwa waya, mikono yote miwili ina plasta mpaka kwenye vidole, jicho la kushoto limekwenda. Hasemi wala haandiki. Bi Mwanne anampa uji kwa mrija, tone kwa tone, na kitandani Mabruki kafungwa pingu mguu mmoja, maana kijiji kizima kimeandikisha kuwa ni mwizi wa mifugo. Akipata nafuu anakwenda mahakamani moja kwa moja.

Bi Mwanne akanishika mikono. Alhamdulillahi, mwanangu, angalau kuna mtu wetu kule. Wewe una ulimi, una elimu, hebu nisaidie kuwauliza wale watu. Nikaitika. Jicho moja la Mabruki lilikuwa wazi, linanitazama mimi tu.

Niandike sasa. Nilidanganya juzi. Katika daftari langu mwenyewe nimedanganya!

Sikuwa mbali. Nilikuwa hatua kumi. Na nilimjua, nilimjua kabla hawajampiga usoni, mwezi wa sita nilinunua pazia kwake. Naye alinijua. Aliniita kwa jina. "Ummy! Ummy, waambie mimi nani!" Wanaume wawili wakageuka kunitazama, wakasubiri. Walisubiri, Mungu shahidi. Na mimi nikafungua mdomo, kikatoka Kiingereza. Sentensi nzima safi. Sijui kwa nini. Babu yangu alikuwa akijisifu kwamba Kiswahili chetu cha Tabora kilikuja na misafara ya pembe, hatuna wa kutufundisha, na mjukuu wake akawasemesha Kiingereza watu wenye mapanga. Wakanigeuzia mgongo. Ningeweza kurudia kwa Kiswahili. Muda ulikuwepo. Nikarudi nyuma mpaka ukuta wa ghala ukanigusa mgongoni, nikainama. Mchi ulishuka nikiwa nimefumba macho. Ndiyo maana niliusikia tu.

Jumatano, 17 Julai 2024

Zablon alianza kusema. Jana, kwenye banda lake la baiskeli, akawaambia wateja watatu kwamba lile yowe lilikuwa la klabu. Leo asubuhi ameokotwa mtaroni. Mgongo umechanika, sikio moja linaning'inia. Nimekwenda kumwona. Mama yake anamkanda na maji ya chumvi, naye anang'ata kanga. Eti ameanguka na baiskeli. Nikamwuliza nani. Akanitazama, akaniambia, mwalimu, nimeanguka na baiskeli, na wewe ukiuliza sana utaanguka.

Hajakasirika na mimi. Ningependa akasirike.

Alasiri Mzee Jilala akaja na njiwa wawili wamechinjwa, zawadi. Akaketi kwenye kigoda changu. Ijumaa, akasema, wanakuja askari wawili na mtendaji wa kata, kuchukua maelezo mbele ya mkutano wa hadhara. Kijiji kikisimama kwa kauli moja kwamba yule ni mwizi, kesi inakwenda kwa mwizi. Kijiji kikiyumba, inarudi kwa wana wetu. Sasa wanakijiji wengi hawajui kupanga maneno mbele ya serikali, wanababaika. Wamekaa, wameshauriana. Wamemchagua msemaji mmoja.

Nikajua kabla hajasema.

Wewe ndiye unayewafundisha wenzako kusimama, binti yangu. Utatusimamia.

Nikasema baba, mimi ni mgeni hapa. Akasema mgeni mwenye nyumba hapa, mwenye mkataba hapa, anayekula hapa. Hakupandisha sauti. Halafu akauliza, kwa upole ule ule, kama ninajua nani alianza kulipiga yowe siku ile, maana kila boma linasema lililipokea kutoka boma jingine, na upande wa ghala ndiko linakoishia. Nikasema sijui. Akasema vizuri. Zablon pia hajui.

Njiwa nimewatupia mbwa. Halafu nikajuta, nimeshinda na njaa.

Ijumaa, 19 Julai 2024

Saa nne asubuhi. Mkutanoni. Daftari liko pajani, wanadhani napanga hotuba. Wacha wadhani.

Watu kama mia nne. Sungusungu wamekaa mbele, fimbo zimelala magotini. Askari wawili kwenye viti vya plastiki, mtendaji katikati. Wanachama wa klabu wametawanyika, hakuna anayekaa na mwenzake. Apolinaria ananikwepa macho. Masolwa kakaa kati ya Gerson na mtu mwingine wa boma lao, kifundo chake kimefungwa kitambaa. Ni mimi niliyemwuma pale.

Nina hotuba mbili. Moja ina mistari minne, kijiji kimoja kauli moja. Nyingine naiweka kichwani tu, na kila nikifika kwenye neno Masolwa namwona mkewe. Yuko pale upande wa wanawake, mkono juu ya tumbo. Nikimtaja, wanamwua mbele ya yule mwanamke. Nisipomtaja, Mabruki anaburuzwa mahakamani kwa jicho moja. Na mimi? Mimi nitapona kwa vyovyote, ndilo linalonichoma. Nitapanda basi.

Bi Mwanne amekuja! Kapanda lori la mkaa, peke yake. Kawaamkia wazee wote mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, mpaka wa mwisho, na wote wameitika, hata Gerson kainamisha kichwa. Mtendaji kampa nafasi. Hakulia. Kasema hakuja kugombana na mtu. Anaomba jambo moja. Anaomba aonyeshwe ng'ombe ambaye mwanawe alimwiba, amwone kwa macho, ajue ni wa rangi gani.

Mtu kakohoa.

Askari mmoja kaacha kuandika. Kauliza, haya, ng'ombe wa nani?

Mzee Jilala kasimama polepole. Kasema kijiji kina msemaji. Mwalimu atajibu. Wamegeuka wote. Bi Mwanne naye kageuka, anatabasamu. Ananitabasamia. Hajui!

Nimeinua kidole, naomba dakika moja nimalize kuandika. Mtendaji kakubali.

Nimeweka kalamu chini, nimeiokota tena.

Masolwa amesimama. Gerson anamvuta shati akae. Hakai. Shati limechanika begani. Anasema — kwa Kiswahili, na kila mtu anamsikia — anasema: "Ni mimi. Nilipiga mwano bure. Hapakuwa na ng'ombe."

Anasema hakumwonyeshea mtu kidole, alikuwa anafanya zoezi. Mtendaji kamwuliza, zoezi la nani? Hatazami upande wangu. Kamwuliza mara ya pili, nani alikutuma? Masolwa kasema, mwenyewe.

Wa mbele wanainuka. Fimbo zimetoka magotini. Mkewe anapiga kelele kwa Kisukuma, askari ni wawili tu. Bi Mwanne kaacha kutabasamu, ananitazama mkono unaoandika.

Fimbo ya kwanza imempata shingoni. Hajakaa. Mtendaji anauliza kwa nguvu, kuna shahidi? Kuna mtu aliyekuwepo kwenye hilo zoezi?

Apolinaria ameinua mkono. Na mimi nimekaa hapa, naandika