Mkia wa Pikapu

Mjukuu wangu Elia,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Goti la bibi yako limepoa, na alizeti imetoa magunia kumi na moja.

Unauliza kama ununue pikapu inayokata kona kwa magurudumu yote manne. Niliwahi kuwa nayo, mtumba wa Japani, serikali ilipofungua biashara ya nje. Sokoni Issuna wenzangu waligeuza magari kwa kwenda mbele na nyuma mara tatu, mimi mara moja. Ila vipuri vya nyuma havikupatikana hata Dodoma. Na kuna ubaya mwingine.

Siku moja, nikiwa na fundi wangu wa gari, niliegesha kando ya matenga ya mama mmoja wa Sepuka, aliyekuwa akisubiri basi la kupeleka kuku Dodoma. Nilipokata kulia kuondoka, matenga mawili yalianguka, kuku tisa wakatawanyika.

"Umenigonga!"

"Nimekata kulia, mama. Wewe uko kushoto. Hesabu hiyo inakujaje?"

"Shuka. Simama hapa nilipo, fundi wako aendeshe."

Nikashuka kwa hasira. Fundi akakata kulia, magurudumu ya nyuma yakageukia kinyume, mkia wa gari ukaja kushoto, ukanisukuma paja. Soko zima lilicheka. Mpaka leo wananiita Mzee Mkia, na sijawasamehe.

Kuku wanane tuliwakamata basi likipiga honi. Wa tisa nilimfidia kwa jogoo wangu. Miezi kumi na minne nilikuwa nimeliendesha gari lile, na sikuwahi kulitazama likigeuka.

Ukienda kulijaribu, mwachie muuzaji usukani. Wewe simama kando, pale wanapokaa wenye matenga.

Babu yako,
Ikungi