Niliandika Mchezo, Mama Mdogo Akawa Msaliti

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, maana nimeharibu na sijui nianzie wapi kutengeneza. Mimi ni mwandishi wa michezo ya televisheni, na mwaka jana niliandika ule wa mgomo wa wanawake wa kiwanda cha nyuzi, mgomo wa kweli ambao mama yangu na mama mdogo walikuwamo, na ukweli wenyewe ni kwamba siku ya tisa wanawake walikaa, wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, wakakubali kurudi kazini kwa sababu watoto walikuwa na njaa, wakamtuma mama mdogo, aliyekuwa karani wa zamu, akamwambie meneja, lakini mtayarishaji akasema kura haina msisimko, tafuta msaliti, nami nikamfanya karani awauze wenzake kwa siri, nikabadilisha jina nikidhani nimemsitiri, kumbe karani alikuwa mmoja tu na mji mzima unamjua.

Sasa kikundi chake cha kushona hakimwiti tena, na mjukuu wake amefundishwa darasani kwamba mgomo ulivunjwa na karani. Nilipokwenda kumwona aliniuliza taratibu, "Mwanangu, ulikosa mtu mwingine?" Kilichonimaliza kabisa ni mama mzazi, aliyenyoosha mkono siku ile ile, ambaye juzi alisema, "Nani anajua, huenda mdogo wangu alishakwenda kwa meneja kabla ya kura."

Nifanyeje?

Mwandishi mwenye majuto

Mwandishi,

Pole, ila sitakubembeleza. Kubuni ni kazi yako, lakini hapa ulibuni juu ya mtu aliye hai, na watu wakameza kama historia. Usimtwishe mtayarishaji mzigo. Kalamu ilikuwa mkononi mwako. Maji yakimwagika hayazoleki: wengi waliotazama hawatayasikia masahihisho yako kamwe, na hilo utaishi nalo.

Hata hivyo, wiki hii wakusanye mama yako na wanawake wote wa mgomo walio hai, uwarekodi, maana ukichelewa watabaki wanakumbuka mchezo wako tu. Yaandike waliyosema, utie jina lako, upeleke gazetini. Nenda shuleni kwa mjukuu, useme mbele ya darasa, "Nilidanganya." Kituo kikiurudia mchezo, dai ukweli utangulie.

Halafu nenda kwa mama mdogo mchana, majirani wakiwa nje. Alivunjiwa heshima hadharani. Usimwombe radhi chumbani. Asipokujibu, usimlazimishe. Hana deni la kukusamehe.