Magunzi ya Mama Mkwe

Jumanne jioni

…basi fundi akaingiza waya kwenye choo, akavuta, yakatoka magunzi ya mahindi! Yamevimba kama maandazi. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Ni mama mkwe huyo, kwao Gulwe choo ni cha shimo, wanajisafishia magunzi.

"Mama Neema, mwambie bibi asitupie tena humu."

"Bibi kesharudi kwao Jumapili."

"Basi hakitaziba tena," akasema, akaondoka.

Nyumba ikawa kimya. Tangu mume wangu afariki, nani mwingine ananisikiliza? Bibi akija tena simwambii kitu. Bora kizibe, fundi aje tena, kuliko mimi kukaa hapa naongea na…

Jirani ananiita: "Mama Neema! Fundi karudi, kasahau waya wake!"

Naja! Ngoja nibandike chai kwanza, maana akishaupata huo waya…